Benson, Carlton au Beck: gitaa lipi lipigwe kando ya ziwa?

Mpwa wangu ana banda la samaki Igombe, nje kidogo ya Mwanza mjini: meza nane, miembe miwili, na ziwa hatua chache kutoka kwenye jiko la mkaa. Siku moja alinipigia simu akiwa amechanganyikiwa. Sabufa yake ilikuwa imeachia wimbo wa mapenzi ya usaliti wakati meza ya tatu wamekaa mume na mke wanaonuniana. Mama wa watu akaona anasemwa yeye. Akainuka, akaacha sato mzima kwenye sahani, na mume akatupa noti mezani huku anamkimbilia.

"Anko, nitafutie muziki usio na maneno," akaniambia. "Gitaa tu. Uwe laini lakini usiwalaze watu. Uwe na moto kidogo lakini usiwafukuze."

Bila kujua, alikuwa ameeleza aina moja ya muziki kwa ukamilifu. Wamarekani wanauita jazi laini, ila ule wa gitaa ulio mtamu haukuzaliwa na jazi peke yake. Una bluzi na soul ndani yake, miziki ya Wamarekani weusi, na una roki ya kuuamsha usisinzie. Mimi niliwahi kushika gitaa la rithimu miaka minne katika bendi ya hoteli hapa mjini, kwa hiyo nikajiona mtaalamu. Nikachagua albamu tatu, nikaziingiza kwenye flashi, nikapanda daladala. Tulizijaribu Ijumaa tatu mfululizo, kila Ijumaa albamu moja.

Zilikuwa Blow by Blow ya Jeff Beck (1975), Breezin' ya George Benson (1976), na ile ya Larry Carlton ya mwaka 1978 ambayo jina lake ni lake mwenyewe. Ni za zamani, najua. Lakini ukisikiliza gitaa laini lililotoka jana, ukakuna kidogo, utakuta mmoja wa hawa watatu chini ya rangi.

Neno jazi lenyewe linatuchanganya sisi. Wazee wetu walikuwa na Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz, na hakuna aliyekuwa anapiga jazi ya Marekani. Walipiga dansi, na gitaa ndilo lililokuwa mfalme. Kwa hiyo mteja wa Igombe akisikia "jazi" anategemea rumba. Hata hivyo sikio walilotuachia ni mtaji. Mtu aliyekua akimsikia Mbaraka Mwinshehe redioni hahitaji kufundishwa kwamba gitaa linaweza kuimba ubeti mzima bila mdomo. Anaingoja solo kama wengine wanavyongoja kiitikio.

Mbao kwanza

Tofauti kubwa ya hawa watatu unaweza kuishika kwa mkono. Iko kwenye mbao za magitaa yao.

Gitaa la jazi alilolizoea Benson lina tumbo tupu, kama mtumbwi. Ukigusa uzi, hewa iliyomo ndani inajibu, na sauti inatoka ya mviringo, yenye joto, inayofifia haraka. Ubaya wake ni kwamba ukilifungulia amplifaya kwa nguvu tumbo hilo linaanza kutetemeka lenyewe na spika inapiga mluzi. Ndiyo maana wapigaji wa jazi wa zamani hawakuwa na ugomvi na majirani.

Gitaa la roki ni gogo zima. Halina tumbo, halina hewa, uzi ukiguswa unalia muda mrefu, na unaweza kulisukuma mpaka sauti ichanike. Kwenye jalada la Blow by Blow Beck amechorwa ameshika la namna hiyo, Gibson Les Paul.

Katikati yao kuna Gibson ES-335, iliyoingia sokoni mwaka 1958. Pembeni ni tupu, lakini katikati umepita mti mmoja mzima kutoka shingoni mpaka mwisho. Unapata joto la tumbo na ustahimilivu wa gogo. Carlton amelipiga gitaa hili kiasi kwamba watu wanamwita Bwana 335, na studio yake ya nyumbani aliipa jina la Room 335, jina ambalo ni pia la wimbo unaofungua albamu yake.

Ukiisha kujua hilo, nusu ya uchaguzi umeshaumaliza. Unataka moto kiasi gani? Mtumbwi hauwaki, gogo linawaka, na la katikati linawaka kwa adabu.

Nyuzi nazo zina neno. Mpigaji wa jazi hutumia nyuzi nene, ambazo huwezi kuzivuta sana kwa kidole, kwa hiyo anateleza kutoka noti moja hadi nyingine. Mtu wa bluzi na roki hutumia nyembamba, anazivuta pembeni mpaka noti inapanda taratibu kama mtu anayeuliza swali. Noti ile iliyo njiani, ambayo bado haijafika, ndiyo bluzi yenyewe. Hesabu mara ngapi mpigaji anavuta uzi kwa dakika, utajua yuko karibu na jazi au karibu na bluzi hata kama hujui jina lake.

Ijumaa ya Benson

Tulianza na Breezin', saa kumi na moja jioni, jua bado liko juu ya ziwa. Wimbo wa kwanza uliandikwa na Bobby Womack, mtu wa soul, na mpiga gitaa Gábor Szabó aliutoa kabla ya Benson, mwaka 1971. Ninalitaja hilo kwa sababu linaeleza kwa nini muziki huu hauna ukavu wa jazi ya darasani: mifupa yake ni ya soul. Ngoma za Harvey Mason zinatembea polepole, vinanda vimetandikwa chini, na juu yake kuna vayolini nyingi zilizopangwa na Claus Ogerman, laini kama shuka iliyopigwa pasi.

Mimi masikio yangu yalikwenda kwa mtu mwingine kabisa. Sikiliza gitaa la pili, la Phil Upchurch. Hapigi solo, anachochea tu. Mtu aliyewahi kushika rithimu kwenye dansi anamjua mtu huyo bila kuambiwa: ukimtoa, jengo linaanguka, na bado hakuna atakayekuja kumpongeza baada ya onyesho.

Benson mwenyewe, mzaliwa wa Pittsburgh mwaka 1943, alijifunza mengi kwa kumsikiliza Wes Montgomery, yule wa Indianapolis aliyekwanyua nyuzi kwa kidole gumba na kupiga noti moja katika vimo viwili kwa pamoja. Ukiisikia sauti ile ya gitaa kama watu wawili wanaoimba wimbo mmoja, mmoja mnene mmoja mwembamba, ni Wes huyo anapita. Alifariki mwaka 1968, lakini kwenye muziki huu hajawahi kuondoka.

Wateja walifanyaje? Hawakufanya kitu, na ndicho tulichokitaka. Walikula, wakazungumza, mmoja akatikisa mguu wimbo mzima bila kujua. Hakuna aliyeuliza ni nani anapiga. Mpwa wangu akasema mauzo ya soda yalipanda. Sikubishana naye, ingawa joto la siku ile lilikuwa linatosha kuuza soda bila gitaa.

Kasoro mbili. Ya kwanza, albamu ina nyimbo sita tu na haifiki dakika 40. Ukiirudia mara tatu, wahudumu watakuja kukulalamikia kabla ya wateja. Ya pili, mojawapo ya hizo sita ina maneno: This Masquerade, anayoimba Benson mwenyewe huku gitaa likimfuata silabi kwa silabi. Ni wimbo uliompa tuzo ya Grammy ya rekodi ya mwaka, na ni mzuri kupindukia, lakini unazungumzia watu wawili wanaopendana huku wamevaa barakoa. Nikaikumbuka meza ya tatu. Tukaufuta kwenye flashi.

Ijumaa ya Beck

Hapa nilikosea, na kosa ni langu.

Blow by Blow ni albamu ninayoipenda kuliko nyingine zote mbili. Muingereza huyu aliyetoka kwenye roki ya miaka ya 1960 aliamua kuacha waimbaji kabisa, akamchukua George Martin, yule yule aliyewatengenezea The Beatles rekodi zao, akatoa albamu nzima ya gitaa. Marekani ilipanda mpaka nafasi ya nne kwenye chati ya albamu. Kwa muziki usio na mwimbaji, hilo si jambo dogo. Ngoma na besi ni za kifanki, kinanda cha Max Middleton kinatoka moja kwa moja kwenye jazi, na juu ya yote hayo gitaa linacheka, linanung'unika, linapiga kelele. Kuna mahali amelipitishia sauti kwenye mpira unaoingia mdomoni ili gitaa litamke kama mtu.

Niliiweka saa mbili usiku, banda limejaa. Dakika ya kumi hivi, mzee mmoja aliyekuwa anachambua mgongo wa sangara kwa utulivu mkubwa akaniita. "Shikamoo mzee," nikamwambia. Akaitikia, akafuta vidole, akaniuliza: "Huyo anagombana na nani?"

Sikuwa na jibu. Muziki wa Beck unakutaka uuangalie. Kila baada ya muda mfupi anafanya jambo ambalo mtu anayekula hawezi kulipuuza: anachana sauti, ananyamaza ghafla, anarudi kutoka upande mwingine. Watu kwenye meza wakaanza kupandisha sauti ili wasikilizane, mpwa wangu akadhani sabufa haisikiki akaiongeza, nao wakapandisha tena. Mpaka saa tatu banda lilikuwa kama stendi ya mabasi.

Lakini kulipofungwa, mkaa umezimwa maji, mpwa wangu anahesabu pesa, niliupiga ule polepole ambao Stevie Wonder alimpa, Cause We've Ended as Lovers. Usiku ule hakukuwa na mbalamwezi, kwa hiyo wavuvi wa dagaa walikuwa wametoka, na taa zao zilikuwa zimetanda ziwani kama mji mwingine uliojengwa majini. Gitaa linaanza kwa sauti zinazojitokeza bila kishindo, kama ameziminya mwanzo wake, kisha linapanda kidogo kidogo mpaka linalia. Mpwa wangu aliacha kuhesabu. Akaanza upya noti zote.

Kwa hiyo kama unatafuta muziki wa kukaa nao wewe peke yako, na una spika za maana au visikizio vizuri masikioni, chukua huu na usome aya zinazofuata kwa starehe tu. Kwa mwenye biashara, hapana. Beck alifariki Januari 2023, na sidhani kama hata siku moja alikusudia kuwa mandhari ya mtu anayekula samaki.

Ijumaa ya Carlton, na umeme kukatika

Ya tatu nilikwenda nayo bila matumaini makubwa. Carlton ni fundi wa studio. Miaka ya 1970 kule Los Angeles alikuwa anaitwa kupiga kwenye rekodi za watu, akakaa pia na The Crusaders, kundi lililochanganya jazi na soul kabla mchanganyiko huo haujapewa jina la redioni. Waliosikia Kid Charlemagne, wimbo wa bendi ya Steely Dan wa mwaka 1976, wanaijua solo yake hata kama hawamjui. Fundi wa namna hiyo mara nyingi akipewa albamu yake mwenyewe anakosa cha kusema.

Huyu anacho. Room 335 inafunguka kwa uchangamfu, wimbo unaoweza kupigwa mezani kukiwa na watoto, na ukisikiliza vizuri, katikati yake anavuta nyuzi kama mtu wa bluzi kabisa. Hapigi haraka ili umshangae. Anasema sentensi, anaacha nafasi, besi inajibu, anasema nyingine. Kwenye nafasi zile ndipo mazungumzo ya wateja yanapopita. Benson anajaza chumba chote kwa shuka lake la vayolini; Carlton anaacha viti vitupu.

Saa mbili na robo umeme ukakatika Igombe nzima. Sabufa ikafa katikati ya solo. Mhudumu akawasha taa za kuchaji, na mimi nikachukua simu yangu nikaitumbukiza kwenye sufuria tupu, njia ya zamani ya kukuza sauti pasipo umeme. Hapo nikapata kipimo ambacho sikuwa nimekipanga. Nilijaribu Breezin' kwanza: kwenye sufuria besi imepotea, ngoma zimebaki za kugonga kucha, na zile vayolini nzuri zimegeuka mbu. Nikarudi kwa Carlton. Gitaa lake likabaki limesimama. Sauti yake imekaa pale katikati, si juu sana wala chini sana, mahali ambapo hata kispika cha simu kinafika, na melodi haihitaji mtu wa kuishikilia. Watu wa meza ya jirani wakasogeza viti.

Hilo lina maana kwako kama unatumia spika ndogo ya kuchaji. Mwenye sabufa nzuri atamfaidi Benson zaidi, kwa sababu uzuri wa Breezin' nusu yake uko chini kwenye besi na nusu iko kwenye vayolini. Mwenye kispika cha mkononi amchukue Carlton.

Kasoro yake: humo ndani naye anaimba kidogo, na sauti yake si gitaa lake. Ruka. Na kama utapenda awe na bluzi nyingi zaidi, na matarumbeta nyuma yake, tafuta albamu yake nyingine, Sapphire Blue. Kati ya albamu hizo mbili yamempata mengi: mwaka 1988 alipigwa risasi ya shingo nje ya studio yake, akapona, akarudi kazini. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaingia kundi la Fourplay akichukua kiti cha mpiga gitaa Lee Ritenour, na mpiga ngoma waliyekuwa naye humo ni yule yule Harvey Mason wa Breezin'. Ni mtaa mdogo huu, ukiingia utakutana na watu wale wale.

Wengine kwa haraka

Earl Klugh anatumia nyuzi za nailoni na vidole, hana amplifaya ya kutisha mtu. Mzuri asubuhi, chai na mihogo, lakini kwa usiku ni mpole mno. Santana mnamjua, na hilo ndilo tatizo: Samba Pa Ti ikianza kila meza ina mtu wa kusema "huu naujua", na mazungumzo yanakatika. Booker T. & the M.G.'s wa Memphis, akiwemo Steve Cropper kwenye gitaa, ni soul kavu isiyo na sukari, tangu Green Onions ya mwaka 1962; kinanda ndicho kinachoongoza, ila nawapendekeza kwa yeyote anayeona jazi laini ni laini kupita kiasi.

Na usimsahau jirani. Jimmy Dludlu ni mtu wa Maputo aliyejijengea jina Afrika Kusini. Echoes from the Past ya mwaka 1997 ina gitaa lenye tumbo kama la Wes na Benson, ila mwendo wa chini ni wa kusini mwa Afrika, na kiuno cha Mtanzania kinautambua kabla ya kichwa. Nisingemwacha nje ya ushindani kama ningemkumbuka mapema. Mhudumu mmoja alipomsikia alidhani ni bendi ya hapa nchini, akaniuliza wanapiga wapi Jumamosi.

Tulivyopanga flashi

Folda ya kwanza ni Benson bila ule wimbo wenye maneno, kuanzia saa kumi na moja mpaka jua linapozama, ambalo kwetu ni kama saa moja kasoro. Dludlu anashika hapo, maana ndio muda watu wanafika kutoka mjini na wanahitaji kuchangamka kidogo. Kuanzia saa mbili ni Carlton, albamu zake zote mbili, nyimbo za kuimba zimefutwa. Nilimwambia mpwa wangu aweke alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe cha sauti cha sabufa, pale ambapo mtu aliyekaa meza ya mwisho anasikia gitaa na bado anasikia maji, na asimruhusu mtu kuipita alama hiyo. Besi ameishusha hadi theluthi, maana ilipokuwa juu glasi zilikuwa zinatembea mezani zenyewe.

Beck hayumo kwenye flashi. Yuko kwenye simu yangu, na nikienda Igombe usiku usio na mbalamwezi mpwa wangu ananiuliza mwenyewe, baada ya kufunga, kama nimekuja naye.